Kampeni ya McCain katika mchujo wa 2008: nyota nne kati ya tano

Mwezi Julai 2007 kampeni ya Seneta John McCain ya kuwania tiketi ya urais ya chama cha Republican nchini Marekani, inayotolewa kwa mchujo wa kura za jimbo baada ya jimbo, ilikuwa hoi. Katika nusu ya kwanza ya mwaka ilikusanya takriban dola milioni 24 na kubakiwa na milioni 2 hivi. Meneja na mshauri wake mkuu waliondoka, wafanyakazi wengi wakapunguzwa, na wanachama wengi walimkasirikia kwa kuunga mkono muswada wa uhamiaji. Ukiipima kama huduma iliyolipiwa na wachangiaji, hapo ndipo nyota moja inapokatwa, kwa kuwa fedha zilikaribia kwisha kabla hata kura moja haijapigwa.

Kilichofuata kinastahili sifa. McCain alirudi New Hampshire, jimbo alilomshinda George W. Bush mwaka 2000, akafanya mikutano zaidi ya 100 ambamo mwananchi yeyote aliweza kusimama na kumuuliza alitakalo, hata la kumkera. Alipanda ndege za kawaida za abiria, begi lake akilibeba mwenyewe. Kuhusu Iraq hakulegeza msimamo: alitetea kuongezwa kwa askari wakati vita ile ilichukiwa na wengi, na usalama ulipoanza kuwa nafuu, jambo lililokuwa mzigo kwake likageuka mtaji. Tarehe 8 Januari 2008 alipata asilimia 37 ya kura dhidi ya 32 za Mitt Romney, mpinzani wake chamani, ambaye alikuwa akimwaga mamilioni kutoka mfukoni mwake. Kwa matumizi ya fedha kidogo, sijui kampeni nyingine iliyovuna kiasi hicho.

Nje ya New Hampshire, hata hivyo, ubora ulishuka, na nadhani wanaoisifia kampeni hii hulipita jambo hilo haraka mno. Iowa alikuwa ameshika nafasi ya nne, na Michigan alishindwa na Romney. South Carolina aliipata kwa asilimia 33 tu, Mike Huckabee akiwa na 30 na Fred Thompson 16, wapinzani hao wawili wakigawana kura za wahafidhina walewale. Rudy Giuliani, mpinzani mwingine, naye aliyapa mgongo majimbo ya mwanzo ili aisubiri Florida, akaambulia nafasi ya tatu huko. McCain aliondoka Florida na wajumbe wote 57 (hao ndio humteua mgombea katika mkutano mkuu wa chama) kwa asilimia 36 ya kura, kwa sababu kanuni za jimbo zilimpa mshindi kila kitu. Chini ya kanuni za chama pinzani cha Democratic, ambao hugawana wajumbe kwa uwiano, safari ingekuwa ndefu. Barack Obama na Hillary Clinton, waliowania tiketi ya chama hicho, walivutana hadi Juni mwaka huohuo, wakati Romney alijitoa tarehe 7 Februari na McCain akavuka wajumbe 1,191 waliohitajika tarehe 4 Machi.

Mtia nia mwenye mfuko mwembamba namshauri aige mikutano ya New Hampshire, ilimradi aanze na jimbo dogo linaloweza kuzungukwa kwa basi. Mgawanyiko wa wapinzani hauwezi kupangiwa bajeti.