Stadi ndefu na spesa Grogan: kazi ya kulipia na kazi ya kukimbia

Anayetaka kusukuma magurudumu nje kidogo, iwe ni kwa sababu rimu mpya inagusa shokamzoba au anataka Toyota Fielder yake ijaze fenda, atapata kila kitu Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Spesa, yaani vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya gurudumu na habu (kitovu kinacholibeba), zimetundikwa ukutani; stadi, yaani skrubu za habu zinazofungiwa nati za gurudumu, zimejaa mikebeni, na fundi hayuko mbali. Tathmini hii haihusu duka moja. Inahusu kazi yenyewe jinsi inavyouzwa mjini: kutoa stadi za kiwandani, kuingiza ndefu, kisha kufunga spesa bapa isiyo na stadi zake. Spesa hulaumiwa kuliko inavyostahili. Gurudumu likichomoka barabarani, mara nyingi kosa ni stadi fupi, au stadi nzuri iliyoingizwa ovyo.

Kwanza ujue kama kazi hii unaihitaji. Weka spesa, weka gurudumu, kisha zungusha nati kwa mkono mpaka ikae, ukihesabu mizunguko. Thredi zinazoshika zisipungue unene wa stadi: stadi ya milimita 12 ishike milimita 12. Toyota, Honda na Mazda nyingi zina hatua ya thredi, yaani umbali ambao nati husogea kwa mzunguko mmoja, ya milimita 1.5, kwa hiyo ni mizunguko 8. Nissan za saluni (gari ndogo za abiria) na Subaru nyingi ni 1.25, hizo zinataka karibu 10. Tuseme nati ya Toyota inashika mizunguko 11 bila spesa, yaani milimita 16.5. Spesa ya milimita 3 inabakiza 13.5, hakuna neno. Ya 5 inabakiza 11.5, tayari imepungua. Ya 10 inabakiza mizunguko minne na ushee, na muuzaji anayesema "itashika tu" hapo anatafuta riziki, hajapima.

Zipo pia spesa nene zenye stadi zake, zinazofungwa kwenye habu kwa nati za ndani. Hizo hazihitaji kubadilisha stadi, ila zinaanzia milimita 20 hivi, na hata kwa unene huo stadi za zamani zinaweza kuchomoza na kugusa mgongo wa rimu. Rimu ikikaa juu ya ncha za stadi, haijakaa. Kwa mtu wa milimita 8 hadi 15, stadi ndefu ndiyo njia ya pekee tunayoweza kuipendekeza.

Dukani nenda na stadi ya zamani mkononi, pamoja na venia, kile kipimo cha unene. Urefu ndio kila mtu anauangalia, lakini kipimo kinachoharibu kazi ni upana wa shingo yenye meno, ile sehemu inayobana ndani ya habu. Ikiwa nyembamba kwa sehemu ndogo tu ya milimita, stadi itazunguka siku ya kufungua nati na utalazimika kuikata. Ikiwa nene, inapanua tundu au kupasua habu. Hatua ya thredi nayo ihakikishwe kwa kuingiza nati kwa vidole mpaka mwisho: nati ya 1.25 kwenye stadi ya 1.5 huingia mzunguko mmoja au miwili kisha hukwama, na mashine ya upepo ya kukazia nati haijui kukwama. Gari la matundu matano linataka stadi 20, la manne 16. Ongeza mbili za akiba. Ulizia chuma cha daraja la 10.9 au zaidi. Stadi isiyo na pakiti, isiyo na alama, isiyo na jina la aliyeitengeneza, iache kwenye mkebe wake hata kama bei inachekesha.

Sasa kuingiza, na hapa ndipo mafundi wanapotofautiana. Kalipa ya breki hutolewa na kufungwa kwa waya, isining'inie kwenye mpira wa breki. Diski inatoka, habu inazungushwa mpaka stadi ielekee penye nafasi nyuma, kisha inasukumwa nje. Wengi hapo hushika nyundo. Pigo moja la nyundo ya shaba linavumilika, lakini kila pigo linapita kwenye beringi, na beringi iliyopigwa huanza kuvuma baadaye, wakati fundi keshasahau gari lako. Kifaa cha kusukumia ni bora.

Stadi mpya iingie kwa presi, au ivutwe kwa spana ya mkono: wosha ngumu kadhaa, nati ya wazi (isiyozibwa mwisho) ya kutupwa, tone la mafuta kwenye nati hiyo peke yake. Ukimwona fundi anageuza nati ya gurudumu na kuivuta stadi kwa mashine ya upepo, mwambie asimamishe. Mashine huivuta stadi kupita uwezo wa chuma, ikarefuka bila jicho kuona. Kisha kichwa cha stadi kikaguliwe kwa nyuma: kikae bapa pande zote, hata karatasi isipite. Kichwa kilichobaki nje kidogo tu kitajivuta chenyewe kwenye mashimo ya barabarani, na nati iliyokuwa imekazwa sawasawa itakuwa imelegea.

Katika magari mengine stadi ndefu haipiti nyuma ya habu kwa sababu ya nako (chuma kinachoshika habu) au bati la vumbi, kwa hiyo habu yote lazima itoke. Kama beringi imeingizwa kwa presi, kuitenganisha na habu mara nyingi ndiyo mwisho wake. Muulize fundi jambo hili kabla ya kupatana bei, na umwombe aangalie nyuma ya habu kwanza. Bei inayotajwa gari likiwa bado chini, fundi hajafungua gurudumu, ni ya kukisia. Upande wa nyuma kwenye breki za dramu huwa rahisi zaidi, lakini waya wa ABS uangaliwe.

Spesa yenyewe iwe ya alumini iliyochongwa, yenye tundu la katikati linalolingana na habu: milimita 54.1 kwa Toyota ndogo nyingi, 60.1 kwa Mark X na Harrier, 56.1 kwa Subaru nyingi. Tundu likiwa kubwa gurudumu halikai katikati, na usukani utaanza kutetemeka ukishika kasi Thika Road. Mchongaji wa Kariobangi Light Industries anaweza kutengeneza spesa safi kabisa, mradi apime habu yako, asichukue kipimo kutoka gari la mwingine. Kupanga spesa mbili moja juu ya nyingine, hapana. Kabla ya kuiweka, kutu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, na vile vibati vyembamba vya kiwandani vilivyobaki kwenye stadi vitolewe. Spesa iliyokalia kibati imekaa upande.

Nati nazo. Rimu nyingi za kununua hutaka nati ya koni ya nyuzi 60. Za kiwandani za Toyota mara nyingi hutaka nati yenye wosha bapa, na za Honda nati yenye kitako cha mviringo. Usizichanganye. Nati ya kofia, iliyozibwa mwisho, ni hatari zaidi na stadi ndefu: ncha inagota ndani ya kofia, mkono unahisi imekaza, kumbe rimu haijabanwa. Nunua nati za wazi. Thredi ziwe kavu, bila grisi, kwa sababu grisi hufanya stadi ivutwe zaidi kwa nguvu ileile ya spana. Kaza kwa mpangilio wa nyota, kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza: 103 Nm kwa Corolla na ndugu zake, 108 kwa Nissan na Honda nyingi. Rudia baada ya kilomita 50 hadi 100, magurudumu yakiwa baridi.

Fundi mwenye presi, venia na spana ya toki anastahili kulipwa zaidi, hata ikibidi uende Industrial Area kumtafuta. Asiye na spana ya toki, mpe kazi nyingine.

Mwisho, spea, yaani gurudumu la akiba. Siku ya pancha rimu ya chuma iliyo butini itafungwa kwenye stadi hizohizo ndefu, pengine bila spesa, na nati za kofia zilizokuja na gari zitagota kabla ya kuibana. Weka butini seti ya nati za wazi zinazoikalia rimu hiyo, na uzijaribu ukiwa nyumbani.