Pedi za mbwa kwa sisi tunaoshinda kazini: pakiti tatu baadaye

Nianze na kapeti, maana ndilo lililonifanya nikae niandike. Lilikuwa kapeti la manyoya, rangi ya maziwa, nililotunzwa kwenye kicheni pati yangu. Mbwa wetu, Kashata, alilikojolea siku ya tisa tangu aingie nyumbani, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo namtazama, naye ananitazama bila wasiwasi kabisa, kama mtu aliyetekeleza alichoagizwa. Na kweli alikuwa ametekeleza. Hilo nilikuja kulielewa baadaye, kapeti likiwa limeshatoka nje moja kwa moja.

Tunakaa Dar es Salaam, Kimara Baruti, ghorofa ya kwanza, vyumba viwili na sebule na kibaraza chembamba. Mimi nashika mahesabu kwenye duka la jumla Kariakoo, mume wangu yuko Posta. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tuko kituoni tunagombania basi la mwendokasi, na jioni tukiwahi sana ni saa moja. Kashata tulimchukua akiwa na wiki nane, mama yake chotara wa German Shepherd, baba hajulikani. Mama mkwe alipopigiwa simu alicheka mpaka akakohoa: "Mbwa si analala nje jamani, nyie mnamfundisha choo kama mtoto?" Nje ya kwetu, mama, ni ngazi na mlango wa jirani.

Basi tukanunua pedi. Kwa asiyezijua, ni kama nepi iliyokunjuliwa: chini nailoni, juu kitambaa laini, katikati pamba yenye chembechembe zinazogeuka jeli zikinyonya mkojo. Nyingine hutiwa harufu ya kumvuta mbwa akojoe hapo. Pakiti ya pedi 50 tuliipata kwa shilingi 55,000. Unatandaza, mbwa anakojoa, unakunja, unatupa. Kwenye picha ya pakiti kuna mbwa mweupe amekaa anatabasamu.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Zinanyonya kweli, sakafu haikulowa hata mara moja palipokuwa na pedi. Halafu kuna jambo la chanjo. Daktari wa mifugo alitukataza kumshusha chini uani, wanakopita mbwa wa mtaani, mpaka amalize chanjo, kwa sababu ya parvo. Kirusi chake hukaa kwenye udongo miezi mingi, na mbwa mdogo akikipata anaharisha damu na anaweza kufa ndani ya siku chache. Chanjo huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, inarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afike wiki ya 16. Kwa hiyo miezi miwili ya mwanzo choo lazima kiwe ndani, upende usipende.

Tatizo la kwanza ni hesabu, na mimi hesabu ndiyo kazi yangu. Mbwa wa miezi miwili mchana anabana mkojo saa mbili, tatu akijitahidi sana. Wanaofuga hukadiria hivi: umri wake kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa zake, na hicho ni kikomo, si kawaida yake. Sisi tunakuwa nje zaidi ya saa 13. Kashata alikuwa anamaliza pedi tano au sita kwa siku, pakiti ikaisha ndani ya siku tisa. Gawanya mwenyewe: zaidi ya shilingi 6,000 kila siku, zinaishia kwenye pipa la taka. Na hapo sijahesabu alizozichana. Kuna siku tulirudi tukakuta sebule imejaa pamba kama mtu aliyepasua mto, na jeli imeganda kwenye masharubu ya mbwa. Usiku kucha nilikuwa namsikiliza tumbo, nikiogopa imemziba utumbo.

Tatizo la pili ndilo hasa la kapeti. Daktari alinieleza kwa sentensi moja tu nikajiona mjinga: mbwa mdogo hajifunzi "mahali pa choo" tu, anajifunza pia kwa nyayo kwamba kitu cha namna fulani ndicho choo. Sisi siku tisa tulikuwa tunamfundisha kwamba choo ni kitambaa laini kilichotandazwa sakafuni. Kwa hiyo kapeti ni choo. Kizulia cha bafuni, choo. Kanga iliyodondoka kwenye kamba, choo, na shati la ofisini la mume wangu lililolala chini ya kiti nalo likapata zamu yake.

Mume wangu alikasirika siku ya shati akamshika kisogo akamsugulia pua kwenye mkojo, kama alivyoona wakubwa wakifanya kijijini. Matokeo yake Kashata akajifunza somo lingine kabisa, kwamba kukojoa mbele ya baba ni hatari. Kuanzia hapo akawa anaenda nyuma ya kochi. Unaingia, kumekauka kila mahali, harufu inakuita tu, huoni kitu. Ikatuchukua wiki mbili kumrudishia imani.

Tulijaribu pia kumfungia kwenye kizimba kidogo cha kusafirishia, maana tulisikia mbwa hachafui anapolala. Ni kweli hachafui, akiwa na pa kwenda. Ukimfungia saa 13 atajisaidia hapo hapo, na akishalala juu ya uchafu wake mara moja mbili ile aibu inamtoka. Sisi tulifanya siku moja tu. Tuliporudi alikuwa amelowa mpaka masikioni, anatetemeka. Sitaki hata kuikumbuka.

Kilichogeuza mambo ni jirani wa chini. Ni mtu mzima, swala tano hazimpiti, na tangu tuhamie hajawahi kuninunia. Jumamosi moja nilikuwa naosha mkojo wa Kashata kibarazani kwa ndoo, akapanda ngazi taratibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbwa wako mimi sina neno naye. Ila hayo maji unayomwaga yananidondokea kwenye nguo nilizoanika, na nguo hizo nasalia."

Nilitamani sakafu inimeze. Niliteremka naye, nikazitoa nguo kambani, nikamfulia zote upya kwenye beseni lake mwenyewe. Jioni hiyo tukakubaliana na mume wangu kwamba choo cha mbwa lazima kiwe na kitako kisichovuja.

Tukaenda kwa fundi bati. Akatukunjia trei ya mita moja kwa sentimita 60, kingo zake zimeinuka kiganja kimoja, kwa shilingi 25,000 na porojo nyingi. Chini tukaweka changarawe, juu mchanga kidogo, halafu nyasi zenyewe za bustani, hai, zenye mizizi na udongo wake, zile wanazouza wauza miche kando ya barabara. Kipande cha kujaza trei kilikuwa shilingi 5,000, na tulikuwa tunabadilisha kila baada ya wiki mbili. Kinyesi unaokota, mkojo unaumwagia kopo la maji unashuka kwenye changarawe. Kipande cha pedi iliyolowa tulikifukia chini ya nyasi siku mbili za kwanza ili ajue harufu yake. Siku ya nne alikuwa anaenda mwenyewe.

Fundi wa kuchomelea naye alitutengenezea uzio wa wavu wa chuma, mapande manne yanayofungwa kwa ndoano, tukazungushia kona ya sebule. Upande mmoja gunia na blanketi la kulalia, upande wa pili trei ya nyasi, katikati maji. Hakuna tena kochi la kujificha nyuma yake.

Lakini nisiwadanganye, uzio na nyasi peke yake visingetosha. Nilichonunua chenye thamani kuliko vyote ni dakika 20 za mtu. Kuna kijana wa chuo amepanga nyumba ya nyuma, vipindi vyake vingi ni vya jioni. Tunampa shilingi 3,000 kwa siku, nusu ya nilichokuwa natupa kwenye pedi. Wakati huo alikuwa anakuja saa sita, halafu tena saa tisa. Saa sita anampa chakula, halafu hamwachi. Mbwa mdogo akila tumbo linasukuma, ndani ya robo saa mpaka nusu saa atatafuta pa kujisaidia, akiamka usingizini ni hivyo hivyo, na akimaliza kucheza pia. Kazi ya kijana ni kuwa naye hapo kwenye nyasi wakati huo na kumpa kipande cha dagaa papo hapo akimaliza. Ukimpa dagaa baada ya dakika mbili hajui unamshukuru kwa lipi. Kila siku napata ujumbe nikiwa katikati ya stakabadhi: "Anti, leo amefanya zote mbili." Wenzangu dukani wanadhani nina mtoto mchanga.

Chakula nacho tukaacha kumwekea bakuli la kutwa. Kinaingia kwa saa, kinatoka kwa saa.

Kuhusu harufu, neno moja la tahadhari. Mwanzoni nilikuwa nasugua mkojo kwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, macho yananichoma, nikadhani ndiyo usafi. Kumbe mkojo una amonia, na klorini ikikutana na amonia inatoa hewa inayochoma mapafu. Mbaya zaidi, wewe utasikia klorini tu, mbwa yeye bado anasikia mkojo na anarudi pale pale. Sasa nafyonza kwanza kwa tambara kavu, halafu siki na maji nusu kwa nusu, na klorini siigusishi na siki wala mkojo. Kwa vitu vya kitambaa nilinunua chupa ya dawa yenye vimeng'enya vinavyomeng'enya mkojo wenyewe. Ni ghali, shilingi 30,000, lakini godoro la wageni liliokoka.

Sasa Kashata ana miezi saba. Chanjo alimaliza, na ya kichaa cha mbwa amechomwa. Tulipoanza kumshusha uani hatukumfundisha upya: alikanyaga nyasi, akachuchumaa. Hapo ndipo nilipoona trei imejilipa. Saa kumi na moja alfajiri mume wangu anamzungusha kabla ya mwendokasi, mchana kijana anakuja mara moja tu, na trei iko kibarazani kwa dharura. Ajali zimebaki za aina mbili. Akifurahi sana mgeni akiingia anaachia matone, daktari anasema ataacha akikua. Na mvua za masika: hakanyagi nyasi zilizolowa, binti mfalme, anasimama mlangoni ananiangalia kana kwamba mvua nimeiagiza mimi.

Pedi nazipa nyota mbili na nusu kati ya tano. Kama una mbwa mzee asiyeweza kubana, au mgonjwa, au unasafiri naye kwa basi, nunua bila kusita. Usiku wa wiki za mwanzo pia zinafaa, ukizibana chini ya kitu asizichane. Kama mnatoka wote wawili alfajiri na kurudi usiku, na nyumba ina kapeti, hiyo pesa mpeni mtu wa kuja mchana, mkatafute nyasi.

Kwenye pakiti ya tatu zimebaki 19. Friji letu linavuja maji kila umeme ukikatika, na nimezipanga chini yake. Hapo hazijawahi kuniangusha.