Simu ya vitufe ya kununua Bukavu: ipi inafaa kwa ujumbe mfupi na pesa ya simu

Anayetafuta simu ya vitufe katika soko la Kadutu au maduka ya Nyawera huonyeshwa kwanza rangi, kisha tochi, kisha ukubwa wa sauti ya muziki, ilhali kazi itakayofanywa na simu hiyo kila siku ni kutuma na kupokea ujumbe mfupi, ukiwemo ule wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money unaothibitisha kwamba pesa imeingia. Ninawaandikia hasa wanaomnunulia mama, baba au bibi aliyeko Walungu, Kabare au kisiwani Idjwi, kwa maana mzee aliye mbali na mjini hana pa kuirudisha simu mbovu.

Kabla ya kutaja simu yenyewe, inafaa kuelewa inavyobeba ujumbe. Mtu anapopiga *1122# kwa M-Pesa, *501# kwa Airtel Money au *144# kwa Orange Money, orodha inayotokea hutoka moja kwa moja kwenye mtandao, haihitaji intaneti, na hupotea mara tu anapomaliza. Kinachobaki mkononi mwake ni ule ujumbe mfupi wa uthibitisho, ambao ndio risiti yake. Katika simu nyingi za zamani, sanduku la ujumbe likijaa, ujumbe mpya hauingii mpaka wa zamani ufutwe, na mzee huanza kugombana na mwenye kabini, yaani wakala wa pesa ya simu, akidhani amedhulumiwa. Kwa sababu hiyo ninapima simu kwanza kwa idadi ya ujumbe inaouhifadhi, pili kwa betri, tatu kwa idadi ya laini.

Nafasi ya kwanza ninaipa Nokia 105 ya laini mbili. Simu hii ilitoka mara ya kwanza mwaka 2013 na imerudishwa sokoni kwa matoleo mengi. Toleo la 2019 huhifadhi hadi ujumbe 500 na majina 2,000, na betri yake ya 800 mAh (kipimo cha umeme ambao betri hubeba), ingawa ni ndogo kwa hesabu, humaliza siku kadhaa kwa kuwa hakuna intaneti inayoila. Vitufe vyake ni laini, navyo vina faida kubwa kwa mtu ambaye vidole vyake vimezoea jembe. Angalizo ni kwamba ipo pia ya laini moja, na maboksi yake yanafanana sana. Mimi niliwahi kumpelekea mama simu niliyoambiwa ni ya laini mbili, akafungua mfuniko na kukuta nafasi moja tu, na kwa miezi kadhaa alikuwa akitoa kadi hii na kuingiza ile kila alipotaka kuzungumza na dada yangu aliyetumia mtandao mwingine. Fungueni mfuniko mbele ya muuzaji.

Nafasi ya pili ni ya itel na Tecno, ambazo zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen. Mara nyingi bei yake iko chini, baadhi zina betri inayozidi 1,500 mAh, na nyingine hupokea laini tatu. Sikuziweka mbele kwa sababu hutofautiana mno kati ya aina na aina, na baadhi huhifadhi ujumbe mchache. Hata hivyo, kwa nyumba ambayo umeme hukatika siku mbili au tatu mfululizo, ningezipandisha hadi nafasi ya kwanza bila kusita.

Simu za vitufe za 4G, kama Nokia 105 4G na 110 4G zilizotoka mwaka 2021, zinashika nafasi ya tatu. Ni nzuri kwa anayeishi mjini. Kijijini, ambako mtandao mara nyingi ni 2G, mnunuzi hulipia kitu asichokitumia.

Ya mwisho ni simu ya vitufe yenye KaiOS, mfumo unaoiwezesha simu ya vitufe kutumia intaneti na programu, na hapa ninaomba msikilize vizuri. Wapo wauzaji wanaosema kwamba inashika WhatsApp. Ilikuwa kweli, lakini katikati ya mwaka 2024 WhatsApp iliacha kupatikana kwa watumiaji wapya wa KaiOS, na mwaka 2025 huduma yake ikakoma hata kwa waliokuwa nayo. Msilipe dola za ziada kwa ahadi hiyo.

Mkiwa dukani, pigeni *#06# na mlinganishe namba inayotokea, ambayo ni kitambulisho cha simu, na ile iliyoandikwa chini ya betri na kwenye boksi. Zisipolingana, acheni simu hiyo. Betri ichunguzeni pia, hasa ile ya aina ya BL-5C inayouzwa kila mahali: mwezi Agosti 2007 Nokia yenyewe ilitangaza kwamba betri milioni 46 za aina hiyo, zilizotengenezwa na Matsushita, zingeweza kupata moto kupita kiasi wakati wa kuchajiwa. Betri iliyovimba hata kidogo irudisheni hapo hapo. Kisha ingizeni laini yenu, mjitumie ujumbe mmoja, na mfungue orodha ya pesa ya simu mpaka mwisho.

Jambo moja la gharama halisemwi dukani. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, na Kiswahili chetu, kwa kuwa hakina alama juu ya herufi, huingia vizuri kabisa. Kifaransa chenye é au è nacho hakina shida, lakini ç moja ndogo ya «ça va» au ê moja inaweza kushusha kipimo hadi herufi 70, na unite (salio la kupigia simu) zikakatwa kwa ujumbe mbili au tatu badala ya mmoja. Mwonyesheni mzee aandike «ca va» tu.

Mfundisheni pia kwamba ujumbe unaosema pesa imeingia unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Kabla ya kutoa debe la mihogo, afungue kwanza orodha na kuangalia salio lake mwenyewe.