Nozeli za mashine ya kuoshea magari: ununue zipi, na upime nini kabla hujazifunga

Mwezi wa tatu nilibadilisha nozeli zote nane, vile vichwa vidogo vya kurushia maji, za mashine yangu ya kuoshea magari hapa Buhongwa, Mwanza. Mwezi wa nne nikalipa shilingi 260,000 kutengeneza pampu ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Hela hiyo ndiyo iliyoniandikisha mwongozo huu.

Mashine yangu ni ile yenye tao la mabomba linalokwenda mbele na kurudi nyuma juu ya gari. Nozeli za mwanzo zilikuwa zimelika: maji yanajikusanya katikati, pembeni hayafiki, na gari likitoka ubavu wake una michirizi ya tope kama uliochanwa kwa kitana. Nikashuka mjini, kwenye duka moja upande wa Makoroboi, nikachukua pakiti ya nane zilizogongwa 2502, namba ileile ya zile za zamani. Tukafunga. Michirizi ikapungua, lakini tope halitoki. Na tope ninalopokea si la mchezo: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, magari ya Sengerema na Geita hayasubiri tena kivuko, yanafika kwangu na udongo wake wote. Geji ya presha ilikuwa inasoma baa 75. Siku zote mashine ikiwa nzima inasoma 120.

Fundi akaniambia, "Nozeli ni mpya dada, hapa pampu imechoka." Akafungua, akabadilisha sili na vali, akafunga. Geji ikasoma 75.

Kwa hiyo sitawachosha na mambo ya nyuzi za kufungia za robo inchi au upana wa feni ya maji, yaani maji yanavyotanuka yakitoka. Ukienda dukani na nozeli yako ya zamani mkononi, hayo unayalinganisha kwa macho. Kinachotuumiza hakionekani kwa macho: tundu lisilolingana na namba iliyogongwa ubavuni.

Soma namba hivi. Kwenye 2502, mbili za kwanza ni digrii 25 za feni. Mbili za mwisho ni ukubwa wa tundu: galoni 2 za Marekani kwa dakika, yaani kama lita 7.5, maji yakisukumwa kwa psi 4,000 (psi ni kipimo kingine cha presha). Pampu zetu hizi za pistoni husukuma kiasi kilekile cha maji, tundu liwe dogo au kubwa. Tundu likipanuka hupati maji zaidi. Presha ndiyo inayoanguka. Pampu yangu inatoa lita 40 kwa dakika, nozeli nane, kila moja lita 5. Kwenye tundu la 02, lita 5 hizo zinakupa takriban baa 120. Kwenye tundu la 025, yaani galoni 2.5, zinakupa 77. Na kutoka 02 hadi 025 kipenyo kinaongezeka kwa sehemu ya kumi tu ya milimita, kutoka kama 0.9 hadi 1. Hakuna jicho la fundi linaloona hilo. Ndiyo maana nozeli mpya kabisa inaweza kuwa mbovu kuliko ile iliyolika, na kila mtu akailaumu pampu.

Kipimo ninachotumia sasa hakina gharama. Chukua mpira kutoka kwenye simtanki, maji yawe mita tatu juu ya pale unaposhika nozeli. Funga nozeli moja, elekeza kwenye faneli, ujaze chupa ya maji ya nusu lita huku unaangalia saa ya simu. Nozeli ya 02 ya kweli itachukua dakika mbili hivi. Ikijaza kwa dakika moja na nusu, hiyo ni 025 au zaidi, hata kama imegongwa 02 kwa wino wa dhahabu. Tanki libaki limejaa muda wote, la sivyo unalinganisha vitu viwili tofauti. Zile nane zangu nilizipima zote. Ya haraka ilijaza kwa sekunde 91, ya polepole kwa 112. Hakuna hata moja iliyofika dakika mbili, na hazikulingana zenyewe kwa zenyewe. Zikikaa kwenye tao moja, ubavu mmoja wa gari unapata maji mengi kuliko mwingine.

Sasa mpangilio wangu wa zipi ununue, na sifichi upande niliopo.

Namba moja ni WashJet za Spraying Systems, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1937 na ambayo kazi yake ni nozeli. Chukua aina ya MEG, ya stenlesi iliyokomazwa. Niliagiza nane kupitia ndugu yangu aliyeko Dar, zikanifikia kwa shilingi 38,000 moja pamoja na nauli ya basi. Ni hela nyingi, najua. Lakini kwenye kipimo cha chupa, zote nane zilitofautiana kwa sekunde tatu tu, na geji ikarudi 120 siku hiyohiyo. Watengenezaji wanakadiria kuwa stenlesi ya kawaida hudumu mara nne hadi sita ya brasi, na iliyokomazwa mara kumi hadi kumi na tano. Kwa sisi wenye visima karibu na ziwa, ambao maji yetu yanakuja na mchanga laini hata baada ya chujio, tofauti hiyo unaiona.

Namba mbili ni Lechler ya Ujerumani, stenlesi. Ukiipata kwanza kabla ya WashJet, nunua bila wasiwasi. Kama mashine yako yote ni ya kampuni ya Kärcher, baki na nozeli zao. Namba zao huwa na tarakimu tano, kwa mfano 25050: digrii 25, tundu 050.

Namba tatu ni zenye kiini cha seramiki. Kwa kutolika hakuna anayezifikia katika hizi nilizotaja, ila spana ikiteleza au kijana akiidondosha kwenye zege, imepasuka. Kwangu vijana wanabadilika kila baada ya miezi michache, siwezi.

Za brasi za kwenye pakiti: kwa sabuni tu, ambako presha ni ndogo. Kwa kuoshea, hapana.

Nilirudi dukani na nozeli zangu nane, chupa na karatasi ya vipimo. Yule muuzaji hakuiangalia karatasi. Akanionyesha maandishi ya chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, kisha akasema, "Mama, mlete fundi wako tuongee naye." Fundi wangu wa nini? Mashine ni yangu, hela ni yangu, na niliyekaa na chupa kwenye mpira asubuhi nzima ni mimi. Na siku ya kununua aliniuliza kama wanavyouliza wengi: "Unataka ya na risiti au bila risiti?" Bei mbili za kitu kimoja, anayedai risiti anaongezewa, na aliyekubali bila risiti hana hata karatasi ya kulalamikia. Mimi nilichukua na risiti, nikalipa zaidi, na bado sikusikilizwa. Tukikataa wote hilo swali, watazoea.

Ukipata duka lolote Mwanza, iwe mjini, Nyakato au Igoma, ambalo mwenyewe anakubali upime nozeli moja kwenye bomba lake kabla ya kulipia saba zilizobaki, niambie. Mteja wa kwanza nitakuwa mimi, na chupa nitakuja nayo.