Uzoefu wangu na mafundi wa chokaa: nyumba ya bibi, Mikindani

Kama mmeachiwa nyumba ya mawe ya wazee huku pwani ya kusini na mnataka kuikarabati, naomba msikimbilie saruji. Nasema hivi baada ya kuhamia na familia yangu kwenye nyumba ya bibi mzaa mama, Mikindani, kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini. Huduma ninayoisifia hapa ni ya mafundi wa chokaa waliotushughulikia kuta.

Nyumba yenyewe ni ya zamani hasa. Kuta nene za mawe ya matumbawe, dari ya boriti za mikoko, baraza mbele, na ua nyuma wenye kisima na mwembe. Vyumba ni vyembamba kwa sababu zamani upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Bibi alipofariki waliingia wapangaji, na katika miaka hiyo kuna fundi aliletwa akapiga lipu ya saruji kuta zote za chini, ndani na nje. Tulipoingia sisi, lipu ilikuwa imevimba mpaka usawa wa kiuno. Ukiigonga kwa kidole inalia tupu. Ukiivuta inabanduka vipande vipana, na nyuma yake jiwe limekuwa unga mweupe unaomwagika wenyewe. Chumba cha uani kilinuka uvundo hata madirisha yakiwa wazi mchana kutwa.

Fundi wa kwanza tuliyemwita alitaka kubandua yote apige saruji nzito zaidi, iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji. Wa pili alikuwa mzee wa hapohapo Mikindani. Alichota ule unga, akaulamba, akasema, "Chumvi hii, mwanangu. Nyumba inatoka jasho, na nyie mmeivalisha nailoni."

Akatueleza, na mpaka leo naona hakuna aliyewahi kunieleza ukuta vizuri kama yeye. Nyumba hizi hazina msingi wa zege wala karatasi ya kuzuia unyevu chini. Maji ya ardhini hupanda ndani ya jiwe, tena huku kwetu yanapanda na chumvi. Ukuta wa chokaa huyaachia yatoke nje taratibu, yakauke kwa upepo. Saruji huyafungia. Yakikosa njia yanarudi kwenye jiwe, chumvi inaganda humohumo, inatanuka na kulimega jiwe kutoka ndani. Kwa hiyo saruji nzito zaidi ingeharakisha kuua ukuta.

Ndugu wengine walikuwa na mashaka, wakisema chokaa ni ya kupaka miti barabarani. Mjomba ndiye aliyemaliza ubishi: kama chokaa ni kitu dhaifu, kuta hizi zilisimama na nini kabla saruji haijafika Mikindani? Akawaambia pia wapande Boma wakatazame. Lile jengo Wajerumani walilijenga mwaka 1895, likachakaa sana, na baadaye shirika la Trade Aid likalikarabati na sasa ni hoteli. Aliyeliona sasa hawezi kusema nyumba ya zamani haifufuki.

Kazi ilianza kwa kubandua saruji yote kwa nyundo na patasi ndogo, pole pole ili jiwe lisipasuke. Kisha kuta zikaachwa uchi zikauke. Sehemu hii inataka uvumilivu, kwa sababu unaishi na vumbi na huoni maendeleo.

Wakati kuta zinakauka, mzee na vijana wake walizima chokaa. Mawe yaliyochomwa tanurini yalitumbukizwa kwenye pipa la maji, na mara maji yakaanza kutokota kwa nguvu bila moto wowote chini. Watoto wote tuliwatoa uani, na hilo fanyeni bila kubishana, kwa sababu tone moja la chokaa ile likiingia jichoni ni hatari kubwa. Mafundi wenyewe walivaa miwani na buti. Chokaa ikachujwa, ikafunikwa kwa maji na kuachwa ilale wiki kadhaa, mpaka ikawa laini na nzito, ikishika kwenye mwiko hata ukiugeuza juu chini. Mchanga waliukataa wa ufukweni kwa sababu ya chumvi. Tulileta wa mtoni. Kipimo chao kilikuwa chokaa ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu. Walipiga tabaka jembamba, likishika wanaongeza la pili, na mwisho niru, yaani chokaa laini ya kumalizia.

Lawama yangu iko kwenye ukuta wa magharibi. Vijana waliupiga mchana wa jua kali, hawakuufunika, na kesho yake ulikuwa na nyufa kila mahali. Chokaa hukomaa taratibu kwa kuvuta hewa ya ukaa, na inahitaji unyevunyevu siku za mwanzo; ikikauka ghafla inapasuka. Mzee alipoona hakubishana. Aliubandua wote, akaurudia kwa gharama yake, na safari hii wakatundika magunia yaliyoloweshwa maji asubuhi na jioni. Pia walichelewa kuliko tulivyokubaliana, na simu hazikupokelewa ipasavyo. Kwa hiyo lipeni kwa ukuta uliokamilika, msilipe kwa siku.

Ua nao ulikuwa na mchango wake katika unyevu, jambo ambalo sikulitegemea. Taka na udongo wa miaka mingi vilikuwa vimepandisha ardhi ya nyuma juu kuliko sakafu ya ndani. Tulipoichimba kufuata ukuta tukafukua ngazi mbili za mawe ambazo hata mama hazikumbuki. Tukaweka mtaro wa kokoto unaopeleka maji mbali, na chumba cha uani kikaanza kukauka kabla hata hakijapigwa lipu. Mwembe tuliubakiza, tukakata tu matawi yaliyokuwa yanagusa bati.

Boriti tatu zilikuwa zimeliwa na mchwa. Msitume mtu akawakatie mikoko usiku. Misitu ya mikoko ni hifadhi na kuvuna kunataka kibali cha TFS, wakala wa serikali wa misitu. Sisi tuliweka mbao za mkongo, na zimekaa vizuri.

Mambo ya ukoo nayagusa kwa ufupi. Kwetu nyumba hufuata upande wa mama, na wenye haki ni wengi. Tulikaa kikao kwanza, tukaandika nani anachangia nini na nani anakaa, ndipo fundi akaitwa. Fanyeni hivyo.

Leo nyumba ina ubaridi mzuri mchana, harufu imekwisha, na kuta zimepita masika bila kuvimba. Nawapendekeza mafundi hawa kwa moyo wote, ila kubalianeni nao mapema. Mvua zetu huanza mwezi wa 11 au 12, na kazi ya nje inafaa iwe imekwisha kabla ya hapo. Sisi tulianza kusi lilipotulia na ubaridi ungalipo. Na wakimaliza, waombeni wawaachie ndoo ya chokaa iliyozimwa, imefunikwa kwa maji juu. Haiharibiki, na mkiona kipande kimebanduka mnaziba wenyewe kwa mwiko.