Uzoefu wangu: kozi ya kaiti kwa anayeanza, Paje

Wenzangu wa Dar wananiuliza kila mara kama kozi ya kaiti, ule mchezo wa kusimama juu ya ubao majini ukivutwa na tiara kubwa, kule Paje, Zanzibar, inalingana na hela yake. Kwangu mimi inalingana, ila si kwa yale wanayokupigia debe. Kwenye matangazo utamwona mtu kasimama juu ya ubao, maji yanamrukia nyuma, anacheka. Kozi ya mwanzo, huo ubao unauona ukiwa umelazwa mchangani tu kwa muda mrefu. Unachofundishwa kwanza ni kuitawala kaiti yenyewe, na bila hilo ubao hauna kazi.

Tuanze na bei. Shule karibu zote zinataja dola. Nilipozunguka kuuliza, saa moja na mwalimu wako peke yako ilikuwa inaanzia kwenye dola 50 hivi, na kozi ya mwanzo huwa masaa 9 hadi 12. Piga hesabu mwenyewe. Mkazi aulize bei ya mkazi; kwenye ubao wa matangazo haipo, lakini ukizungumza vizuri inapatikana. Mkiwa wawili mnaogawana kaiti moja inashuka, na mimi naona ndiyo njia bora hata kwa mwenye pesa. Mikono inachoka haraka mno. Mwenzako akiwa majini wewe unapumzika, na unajifunza mengi kwa kumtazama anavyohangaika.

Jambo la kuuliza kabla hujatoa hata shilingi: saa inaanza kuhesabiwa lini? Shule ya kwanza niliyoingia, sitaitaja, ilihesabu tangu tunajaza upepo kwenye kaiti. Upepo wa baharini ukalegea, tukakaa chini ya mnazi tunapiga soga, na mwisho wake nikaambiwa masaa mawili yameisha. Nikahama. Niliyokwenda baadaye inahesabu kaiti ikiwa hewani, na upepo ukifa saa inasimama. Maandishi yake yako kwenye fomu. Hiyo ndiyo ninayoisifu hapa.

Sasa bahari. Paje inatazama mashariki. Kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, inavuma kutoka mkono wako wa kulia ukiitazama bahari. Kaskazi ya Desemba hadi Machi inatoka kushoto. Zote zinakwenda sambamba na ufukwe huku zikisukuma kidogo kuja nchi kavu, kwa hiyo ukishindwa unarudishwa ufukweni, hubebwi kwenda mkondoni. Mbele kuna mwamba unaovunja mawimbi makubwa, ndani yake maji yametulia na chini ni mchanga. Masika usijisumbue.

Lakini Paje maji yakitoka yanatoka kweli, hasa wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo maji yanajaa na kutoka kupita kawaida. Unaweza kutembea mbali sana kwenye mchanga mtupu bila kulowa magoti. Yakijaa kabisa, ufukwe unabaki kipande na maji yanamzidi kimo anayejifunza. Kinachokufaa ni katikati, maji ya kiunoni, na wakati huo unasogea kwa dakika 50 hivi kila siku. Shule inayokupangia saa tatu asubuhi wiki nzima haikufikirii wewe. Yangu ilikuwa inanitumia ujumbe usiku kuniambia kesho saa ngapi, baada ya kutazama jedwali la maji.

Maji yakitoka, kina mama wa mwani wanaingia kazini, na mashamba yao ya kamba na vijiti yako palepale watu wanapojifunzia. Mwalimu wangu, kijana wa hapohapo kijijini, alinionyesha mipaka yake kabla ya kitu chochote kingine. Nyuzi za kaiti zina urefu wa zaidi ya mita 20 na zikikaza zinakata. Kuna wageni wanaorusha kaiti juu ya vichwa vya watu walioinama kazini, na kuna shule zinazowaacha. Hilo mimi lilitosha kunifukuza kwenye shule mbili tatu hata bila kuuliza bei.

Mafunzo yenyewe yalianza na kaiti ndogo ya mazoezi pale mchangani. Mwalimu wangu alitumia uso wa saa: kichwani ni saa sita, pembeni kushoto saa tatu, kulia saa tisa. Ikikaa saa sita imetulia. Ikishuka katikati mbele yako, hapo ndipo penye nguvu, na hapo ndipo unapojua kwa nini kozi ni ya masaa mengi.

Shida kubwa ya kila anayeanza iko mikononi. Kaiti ikikuburuta, mwili wote unakuambia ng'ang'ania fimbo ya kuiongozea. Na ukiivuta kifuani ndiyo unaiongezea nguvu. Nilikuwa nakwenda kasi, mdomo umejaa chumvi, nyuma yangu nasikia, "Achia, dada! Achia mikono!" Nikaachia; haiponyoki, imefungwa kwenye mkanda wa kiunoni. Kaiti ikalegea palepale, ikapanda yenyewe, nikasimama maji yakiwa tumboni kama vile hakuna lililotokea. Tulirudia hivyohivyo mpaka mikono ikakubali. Halafu tukarudia kufungua kifunguo cha dharura, kile kinachoiondolea kaiti nguvu mara moja, macho yamefumbwa.

Kuanguka kwa kaiti majini hakuna tatizo. Hizi za mbavu za kujazwa hewa, ambazo asili yake ni ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioomba hataza mwaka 1984, zinaelea na unaweza kuzinyanyua tena mwenyewe bila kurudi nchi kavu. Ingekuwa vinginevyo, wengi wetu tungekata tamaa asubuhi ya kwanza.

Mavazi: mimi nilivaa suruali ya kubana na fulana ya maji ya mikono mirefu, na kilemba kidogo chini ya helmeti. Stara ya kijiji imetimia, jua halikuniunguza, na ule mkanda mpana wa kiunoni haukunichubua. Viatu vya maji chukua bila mjadala, kwa ajili ya wale wadudu wa miiba myeusi. Mwulize mwalimu kaiti ya ukubwa gani inakufaa. Mimi si mzito nikapewa ya mita 9 za mraba, wakati mwenzangu mwenye mwili wake alipewa ya 12 katika upepo uleule.

Nilimaliza nikiwa nasimama kwenye ubao na kwenda upande mmoja vizuri, upande wa pili kwa kubahatisha. Kurudi nilikotoka dhidi ya upepo bado, kwa hiyo narudi kwa miguu nimebeba ubao kwapani. Shule yangu haimkodishii mtu vifaa peke yake mpaka aweze hilo, na wanasema wazi tangu siku ya malipo. Wanaotaka kununua vya mitumba mtandaoni kabla ya kufika hapo, subirini kwanza. Mimi nimeshaweka akiba ya masaa mengine machache, kaskazi ikiingia.