Super Smash Bros. Ultimate: kikosi cha wapiganaji 89 na mizani ya mabara

Bayonetta, mhusika wa gemu za video, alizaliwa kwenye studio ya PlatinumGames, mjini Osaka, Japani. Lakini Nintendo ilipowapigisha kura mashabiki mwaka 2015 waseme nani aongezwe kwenye Smash, gemu yake ya mapigano inayokutanisha wahusika wa gemu mbalimbali, Bayonetta ndiye aliyeongoza Ulaya na kuingia tano bora Marekani, kati ya wahusika ambao ruhusa zao ziliwezekana kupatikana. Anayepanga kikosi kwa kuangalia cheti cha kuzaliwa angemhesabu kuwa wa Wajapani na kuendelea na kazi yake, na angekosea vibaya.

Kwa jicho hilo, la kuangalia mhusika anapendwa wapi badala ya alikozaliwa, tunaipima Super Smash Bros. Ultimate ya Nintendo Switch, iliyotoka tarehe 7 Desemba 2018 chini ya uongozi wa Masahiro Sakurai. Kikosi chake kilifungwa rasmi Oktoba 2021 kikiwa na wapiganaji 89. Gemu imeuzwa zaidi ya nakala milioni 30 duniani kote, kwa hiyo swali la nani kapewa nafasi na nani kaachwa linawagusa watu wengi, na wanalichukulia kwa uzito uleule wa usajili wa timu ya mpira. Kwa maoni yetu hakuna gemu ya kukutanisha wahusika iliyofanya kazi hii vizuri kuliko hii, ingawa kuna sehemu imeteleza, na imeteleza kwa kosa ambalo lingeepukika.

Tuanze na ilipopatia. Tarehe 11 Juni 2019, katika tangazo moja, Nintendo ilitangaza nyongeza mbili kwa mpigo: Hero wa mfululizo wa gemu za Dragon Quest, kisha Banjo na Kazooie, dubu na ndege wake. Dragon Quest ni mali ya taifa huko Japani tangu 1986, wakati Marekani iliuzwa miaka mingi kwa jina la Dragon Warrior na haikupata jina lake halisi hadi toleo la nane mwaka 2005. Banjo ni kinyume chake. Aliumbwa Uingereza na Rare, akatamba kwenye Nintendo 64 mwaka 1998, na mapenzi yake makubwa yako Marekani na Ulaya. Kama Hero angetangazwa peke yake, mashabiki wa Magharibi wangelalamika kwamba wamesahaulika. Banjo naye akija peke yake, Wajapani wengi wangeuliza huyu dubu ni nani. Kuwaweka pamoja kulimaliza manung'uniko kabla hayajaanza.

Angalia pia jinsi Hero mwenyewe alivyopangwa. Ana mavazi manane, na ndani yake mna mashujaa wanne tofauti: wa toleo la 3, la 4, la 8 na la 11. Wa 3 ni gwiji kwa Mjapani yeyote aliyekua miaka ya themanini. Wa 8 ndiye aliyeifungulia gemu hiyo mlango wa Magharibi. Wa 11 alikuwa bado mpya kwa wote. Nafasi moja ya kikosi imegawiwa vizazi na mabara bila kuongeza mpiganaji wa pili, na hii ndiyo mbinu tungependa kila mtengenezaji aiige.

Shida ya Hero iko kwenye mikono. Ukibonyeza shambulio maalum la chini, inafunguka orodha ya aina nne za uchawi zilizochaguliwa kwa bahati kutoka 21, na pambano halisimami kukusubiri usome. Aliyekulia na Dragon Quest anatambua jina kwa kutupia jicho tu. Asiyeijua anabaki ameganda, anasoma neno geni huku mpinzani anamjia. Majina hayo hufuata lugha iliyowekwa kwenye gemu: uchawi wa kujigeuza chuma ni Kaclang kwa Kiingereza na Astoron kwa Kijapani. Kwa hiyo mkicheza kwa ushindani, kubalianeni lugha kabla ya kuanza, na mgeni wa Hero ajifunze kwanza machache: Kaclang, Whack, Thwack, na Magic Burst inayomaliza nguvu zote za uchawi alizobaki nazo kati ya 100. Ongeza hapo bahati ya moja kwa nane ya pigo kali kila anapopiga mapigo yake mazito, ndipo utaelewa kwa nini jamii ya wachezaji wa Australia Kusini ilimpiga marufuku Agosti 2019.

Steve wa Minecraft, aliyekuja Oktoba 2020, hakuhitaji somo la namna hiyo. Chimba, pata mbao, jiwe au chuma, jenga tofali, tengeneza zana. Mtoto wa nchi yoyote aliyewahi kugusa Minecraft ya Mojang kutoka Uswidi anajua afanye nini sekunde ya kwanza. Sakurai alieleza kwamba viwanja vyote vilibidi virekebishwe ili tofali hizo ziweze kuwekwa. Ni gharama kubwa kwa mhusika mmoja, lakini huyu ni kati ya wachache kikosini wanaopendwa kila bara.

Sasa ilipoteleza. Mwaka 2001 Marth na Roy wa Fire Emblem, mfululizo wa gemu za Nintendo, waliingia Smash Melee, toleo la awali la Smash, wakati Fire Emblem haijauzwa nje ya Japani hata mara moja. Walizungumza Kijapani hata kwenye nakala ya Kiingereza, na Roy alitokea kabla gemu yake mwenyewe haijatoka. Watu wakauliza, wakapenda, na mwaka 2003 Fire Emblem ikauzwa Magharibi. Ule ulikuwa usajili wa akili, maana ulijenga soko ambalo halikuwepo. Lakini Januari 2020 alipotangazwa Byleth, alikuwa wa nane kutoka mfululizo huohuo, na wengi wao ni watu wa upanga. Takwimu za mauzo zingeweza kumtetea. Kosa ni kwamba shabiki wa Fire Emblem alikuwa tayari ana saba wa kuchagua, hivyo wa nane hakumleta mtu mpya mezani. Hasira iliongezwa na jambo jingine: kifurushi cha kwanza cha wapiganaji wa nyongeza kiliuzwa kwa dola 24.99 kabla wanunuzi hawajajua wote watano ni akina nani.

Katika nyongeza 12 zilizouzwa baada ya gemu kutoka, ni wawili tu walioumbwa nje ya Japani, Banjo na Steve. Wengine wa Magharibi waliishia kwenye mavazi ya Mii, kikaragosi ambacho mchezaji hujitengenezea mwenyewe: Sans wa Undertale kwa senti 75, Cuphead, Vault Boy, Altaïr. Sans anaonekana ni Sans, lakini anapiga kama Mii mwenye bunduki. Tunaona hapo nafasi angalau moja ilipotea.

Hata hivyo tusirudi kwenye kosa la cheti cha kuzaliwa. Terry wa kampuni ya SNK ni Mjapani wa kuumbwa, lakini King of Fighters, mfululizo anamopigana, una mashabiki wa kufa na kupona Mexico na China. Na kwa Afrika Mashariki, mwenye mizizi ni Kazuya. Waliokulia kwenye vibanda vya PlayStation wanamjua kupitia Tekken, na ngumi yake ya umeme imekuja na mpangilio wake: mbele, achia, chini, chini-mbele pamoja na kitufe cha kupiga, kwa wakati mmoja. Ukichelewa kidogo inatoka ngumi bila umeme.

Kuhusu kununua: mpiganaji mmoja wa vifurushi ni dola 5.99 pamoja na kiwanja na muziki wake. Kifurushi cha kwanza kina faida ukiwataka wote watano tu, kwani wanne mmoja mmoja ni dola 23.96. Cha pili ni dola 29.99 kwa sita, na watano kando ni 29.95. Kwa kikundi cha watu wa ladha tofauti, chukua Steve, Kazuya na Banjo kwa dola 17.97, kisha Hero kama kuna aliyecheza Dragon Quest.

Usishtuke ukiwasha mara ya kwanza ukakuta wapiganaji 8 tu. Wengine wa gemu ya msingi hufunguka kwa kucheza. Maliza Classic Mode, mfululizo wa mapambano dhidi ya kompyuta, ukitumia Mario, Sonic anakuja kukupinga; maliza na Link, anakuja King K. Rool. Ukishindwa, mpinzani hupotea kwa muda, halafu mlango wa marudiano hutokea kwenye menyu ya Games & More.